Tufani ya 1872: Unguja ilisimama tena, lakini gharama ilibebwa na nani?

Jumatatu ya tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Kilipomaliza kazi yake, kama theluthi mbili ya mikarafuu na minazi ya kisiwa ilikuwa imelala chini. Bandarini marikebu za Sultani na majahazi ya wafanyabiashara yalikuwa yamezama au yametupwa ufukweni vipande vipande. Nyumba za udongo na makuti zilibomoka, na hata za mawe hazikupona zote.

Katika vitabu vya historia ya Zanzibar kisa hiki hupewa mstari mmoja: tufani iliangusha mikarafuu ya Unguja, kilimo cha karafuu kikahamia Pemba. Mstari huo ni wa kweli. Tatizo lake ni kwamba unasomeka kana kwamba mikarafuu ilijihamisha yenyewe, ikapanda mashua ikaenda kujipanda Wete na Mkoani. Kuna watu walioamua, walioazima, waliopanda, na wako waliokamatwa mbali huko bara ili mashimo ya miche yachimbwe. Anayeuliza Zanzibar ilistahimili vipi janga lile anapaswa kuwatazama hao wote, kila mmoja kwa upande wake, kwa sababu ustahimilivu wa mmoja ulikuwa janga la mwingine.

Kisiwa kisichojua vimbunga

Unguja iko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Kimbunga cha bahari huhitaji mzunguko wa dunia uisokote hewa, na jinsi unavyoikaribia ikweta msokoto huo unapungua nguvu. Ndiyo maana Madagaska na Msumbiji zinajua vimbunga kama sisi tunavyojua masika, ilhali pwani yetu huviona kwa nadra. Nadra haina maana ya kamwe: Lindi ilipigwa Aprili 1952 na watu wakafa, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Lakini kwa mwenye shamba wa Mwera au Bububu mwaka 1872, hakukuwa na babu wala bibi wa kumsimulia jambo la namna ile. Nyumba hazikujengwa kwa kulifikiria, miti haikupandwa kwa kulifikiria, na vyombo havikutiwa nanga kwa kulifikiria.

Msimu nao ulichangia. Majahazi ya Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi huja kwa kaskazi, kuanzia Novemba au Desemba, yakaondoka kusi inapoanza kushika, mwezi wa Aprili. Kwa hiyo katikati ya Aprili bandari ya Unguja huwa imejaa vyombo vinavyongoja upepo wa kurudi, vingine vikiwa tayari vimepakia. Upepo waliokuwa wakiungoja haukuja kama walivyouzoea.

Mkarafuu nao si mti wa dhoruba. Mizizi yake haiendi chini sana, matawi yake ni mepesi kuvunjika, kama anavyojua kila mchumaji aliyewahi kupanda mti uliolowa, na ukikomaa unasimama mita kumi au zaidi. Mnazi ni mvumilivu wa upepo. Unainama, unanyonyoka majani, unabaki. Minazi ilipolala kwa wingi kiasi kile, msomaji anaweza kujikadiria mwenyewe nguvu ya upepo wa siku ile.

Kimbunga hakikuishia kisiwani. Upande wa pili wa bahari, majengo ya misheni ya Kikatoliki ya Bagamoyo, iliyokuwa imeanzishwa miaka minne tu kabla, yalianguka. Bara nako mwezi huo mvua zilikuwa za balaa. Henry Morton Stanley, aliyekuwa akirudi pwani baada ya kuonana na Livingstone kule Ujiji, alikuta mafuriko kwenye bonde la Mkata, na mji wa Simbamwene, ngome maarufu ya mtawala Kisabengo karibu na Morogoro ya leo, umesombwa sehemu ya ukuta wake na mto. Alifika Bagamoyo mwanzoni mwa Mei, majuma matatu baada ya tufani.

Hali ilikuwaje kabla

Lau tufani ingelipiga mwaka 1840, kisa kingekuwa kingine kabisa. Wakati huo karafuu ilikuwa dhahabu. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Zanzibar, alikuwa amewalazimisha wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi, na waliopanda mapema walitajirika. Ila walipanda kupita kiasi. Kufikia miaka ya 1850 soko lilikuwa limejaa na bei imeporomoka, na katika miaka ya 1860 mashamba mengi yalikuwa yakitunza heshima ya mwenyewe kuliko mfuko wake.

Mwenye shamba aliishi kwa kukopa. Waliokopesha walikuwa hasa wafanyabiashara wa Kihindi wa mjini, waliokuwa na fedha taslimu na uhusiano na Bombay. Na kwa kuwa sheria ya Kiislamu inakataza riba, mkopo ulivishwa joho la mauziano. Mwenye shamba "alimuuzia" tajiri shamba lake kwa sharti kwamba akirudisha fedha kwa muda fulani atalirejeza, na katika muda huo angeendelea kulikalia kwa kulilipia kodi. Hii ndiyo bei ya khiyari. Kodi hiyo, kwa jicho la mtu asiye kadhi, ilikuwa riba tu. Mpango huu ulifanya kazi vizuri ilimradi mikarafuu imesimama.

Juu ya hayo, kipindupindu kilikuwa kimetoka kuua maelfu ya watu mjini na mashamba mnamo 1869 na 1870. Daktari James Christie, aliyekuwa Zanzibar wakati huo, alifuatilia njia ya ugonjwa ule na kuona ulishuka kutoka bara kupitia Pangani. Waliokufa kwa wingi walikuwa watumwa na maskini wa vibanda vya Ng'ambo, yaani haswa mikono iliyokuwa ikilima na kuchukua mizigo. Oktoba 1870 Sultani, Sayyid Majid, akafariki. Ndugu yake Barghash, aliyewahi kujaribu kumpindua bila mafanikio na kuhamishiwa Bombay, akashika usultani. Alirithi hazina iliyokuwa tupu, ahadi ya kulipa Maskati riyali 40,000 kila mwaka kwa uamuzi wa Waingereza wa 1861 uliotenganisha Zanzibar na Omani, na Waingereza hao hao wakimbana juu ya biashara ya watumwa. Mwaka mmoja na nusu baadaye ikaja tufani.

Nimeyaweka haya mbele kwa sababu moja. Upepo ulivunja miti kwa siku moja, lakini namna kila mtu alivyoweza kuinuka iliamuliwa na mahali alipokuwa amesimama siku ya Jumapili.

Miezi ya mwanzo

Kuhusu njaa ya mara baada ya tufani, maandishi ya wakati huo yanasema machache mno kuliko yanavyosema juu ya marikebu. Waandishi wake walikuwa mabalozi na maofisa wa manowari, walihesabu kilichoelea. Hata hivyo tukiijua Unguja ya zama zile, mambo fulani yanaeleweka bila kuandikwa.

Muhogo uko chini ya ardhi. Upepo unaweza kuangusha mashina yake, lakini mizizi inabaki shambani na huchimbwa kadiri ya haja, miezi kwa miezi. Katika mashamba ya karafuu mihogo ilikuwa kila mahali, kwa sababu mche wa mkarafuu unataka kivuli na wapandaji waliuzingira kwa mihogo. Na mtumwa wa shamba la Unguja alikuwa, kwa desturi, na siku zake mbili, Alhamisi na Ijumaa, za kulima kijishamba alichopewa. Kijishamba hicho kilimlisha, na kilimpunguzia bwana wake gharama za kumlisha. Desturi hii husifiwa na wengine kama dalili ya upole wa utumwa wa Zanzibar. Mimi naiona zaidi kama hesabu: mwenye kubeba hatari ya njaa alikuwa mtumwa mwenyewe. Mwaka wa tufani hesabu hiyo ilimfaa sana bwana.

Mashariki na kusini ya kisiwa, kwenye ardhi ya mawe ambako karafuu haikubali, waliishi Wahadimu, wenyeji wa asili wa kisiwa, wa Makunduchi, Jambiani na vijiji jirani. Wao hawakuwa na mikarafuu ya kupoteza. Walikuwa na mtama, viazi, kunde, ng'ombe wachache, na bahari. Ngalawa iliyovunjika hutengenezwa upya kwa mwembe mmoja na mikono ya jamaa. Marikebu iliyovunjika hutaka Bombay au Ulaya. Karne hiyo yote walikuwa wakisukumwa kutoka ardhi nzuri ya magharibi kadiri mashamba ya karafuu yalivyopanuka, na hapa, kwa mara moja, umaskini wa ardhi yao uliwakinga. Nasema kwa mara moja kwa sababu makuti na nazi walizotegemea wao pia yaliharibika, na mnazi mpya hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa.

Kwenda Pemba

Mwenye shamba wa Unguja aliyeamka Jumanne akakuta miti yake imelala alikuwa na njia chache. Angeweza kupanda upya pale pale; lakini mkarafuu huanza kutoa mavuno ya maana baada ya miaka sita hadi minane, na hufika utu uzima wake baadaye sana. Ataishi kwa nini katika miaka hiyo, na tajiri wake atamsubiri? Angeweza kukata mikarafuu apande minazi tu, na wako waliofanya hivyo. Angeweza kuachia shamba kwa mdai wake. Au angeweza kuvuka kwenda Pemba.

Pemba haikuguswa sana. Iko kaskazini mashariki ya Unguja, kama kilomita 50 hivi, na kimbunga kiliiacha kando. Ina mvua nyingi zaidi, vilima na mabonde, na udongo ambao mkulima yeyote wa Unguja angeutamani. Mikarafuu ilikuwapo Pemba tangu zamani, ila haikuwa biashara kubwa ya kisiwa. Bei ilikuwa chini, na wengi hawakuona sababu ya kupanda zaidi. Pemba ilijulikana kwa mpunga. Katika nusu ya kwanza ya karne hiyo mchele wake ulisafirishwa kwenda Mombasa na miji mingine ya pwani.

Tufani iliipandisha bei ya karafuu. Zanzibar ilikuwa ikitoa sehemu kubwa ya karafuu yote ya dunia, kwa hiyo theluthi mbili ya miti ya Unguja ikianguka, wanunuzi wa Bombay, London na New York husikia. Mwenye mikarafuu iliyosimama Pemba, ambaye mwaka uliotangulia pengine hakuona faida ya kulipa wachumaji, sasa alikuwa ameshika mali. Kufa kufaana. Ndipo mbio zikaanza: misitu ikafyekwa, mabonde ya mpunga yakasahauliwa, miche ikapandwa kila kilima.

Wenyeji wa Pemba hawakukaa kutazama. Palikuwa na mapatano ambapo Mpemba alipanda na kutunza miche kwenye ardhi iliyodaiwa na mwenye nguvu, na miti ikikua wakagawana. Kwa njia hiyo na kwa kupanda kwenye ardhi za ukoo, wakulima wadogo wa Pemba wakawa na mikarafuu yao, jambo lililokuwa adimu sana Unguja, ambako shamba la karafuu lilikuwa karibu sawa na kusema shamba la Mwarabu. Tofauti hii ya umiliki kati ya visiwa viwili ilidumu miongo mingi, na ina mengi ya kueleza juu ya siasa za visiwa hivyo katika karne ya 20. Hapo sitaingia, panataka makala yake.

Fedha za mbio hizi zilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa, palepale zilikokuwa zikitoka. Tajiri aliyekuwa na rahani ya shamba lililoanguka Unguja alikuwa na uchaguzi kama wa mdaiwa wake: ama apoteze, ama akopeshe tena ili mdaiwa apande Pemba na siku moja alipe. Wengi walikopesha tena. Wasimulizi wa baadaye, hasa maofisa wa Kiingereza, walipenda kumchora Mhindi mkopeshaji kama mnyonyaji aliyemnyang'anya Mwarabu mashamba. Ukiifuata hesabu yenyewe unaona jambo jingine: bila mikopo hiyo hapakuwa na fedha ya kuanzia hata kidogo. Serikali ya Sultani haikuwa na mfuko wa maafa, na benki haikuwapo. Deni ndilo lililokuwa bima pekee ya kisiwa, na kama bima nyingine, lilikuwa ghali kwa aliyehitaji zaidi.

Mikono ya kupanda

Sasa tufike kwenye kiini cha kisa.

Kupanda Pemba upya kulihitaji watu wengi wa kufyeka, kuchimba, kumwagilia na kupalilia, kisha wa kuchuma. Kipindupindu kilikuwa kimewapunguza waliokuwapo. Na tufani ilikuja wakati mbaya kuliko wote kwa mtu aliyetegemea kununua watumwa wapya. Kwa mkataba wa 1845 biashara ya watumwa ndani ya milki ya Sultani, kati ya Kilwa na Lamu, ilikuwa bado halali, na katika miaka ya 1860 takriban watu 20,000 kwa mwaka walipitishwa Zanzibar. Mnamo Januari 1873, miezi tisa baada ya tufani, Sir Bartle Frere aliwasili akiwa mjumbe wa serikali ya Uingereza kudai biashara yote ya baharini ikome.

Barghash alikataa. Hoja yake haikuwa ya ajabu: kisiwa kimeharibika, wenye mashamba wamefilisika, na mnanitaka niwaambie hawatapata mikono ya kuinuka nayo. Angekubali, angegombana na Waarabu waliomweka kitini. Angekataa, manowari zilikuwa zinamngoja. Inasimuliwa kwamba alisema mkuki umeelekezwa kwenye kila jicho lake, naye anaambiwa achague uchome lipi. Frere aliondoka bila saini. Aliyeipata ni John Kirk, mwakilishi wa Uingereza aliyemfahamu Barghash vizuri, kwa kumweleza wazi kwamba kisiwa kitazingirwa na manowari. Mkataba ulitiwa saini tarehe 5 Juni 1873 na soko la watumwa la Zanzibar likafungwa.

Wako wanaosema tufani ilisaidia kuua biashara ya watumwa, kwa kuwa ilimdhoofisha Sultani mbele ya Waingereza. Kwa upande wa meza ya mazungumzo ni kweli: mtawala aliyepoteza marikebu zake na mapato yake ana kadi chache. Kwa upande wa Pemba ni kinyume chake. Tufani ndiyo iliyopandisha uhitaji wa watumwa kisiwani humo wakati uleule sheria inapofunga mlango.

Matokeo yake yalionekana haraka. Bahari ikiwa imefungwa, misafara ikageuka kufuata nchi kavu: kutoka Kilwa Kivinje, ambako watu waliotekwa pande za Ziwa Nyasa na nchi za Wayao walishushwa, kwenda kaskazini kwa miguu nyuma ya pwani, kupita karibu na Dar es Salaam, hadi Pangani na maeneo ya jirani, kisha mkono mfupi wa bahari kuvuka usiku hadi Pemba. Frederic Elton, ofisa wa Kiingereza aliyepita njia hiyo mwishoni mwa 1873 na mwanzoni mwa 1874, alihesabu zaidi ya watu 4,000 wakipelekwa kaskazini katika muda wa mwezi mmoja tu. Safari ya jahazi ilikuwa mbaya vya kutosha. Hii ya miguu, mamia ya kilomita baada ya mamia mengine ya kutoka bara, iliwaongezea mateso watu walewale ambao mkataba ulikusudia kuwaokoa.

Aprili 1876, miaka minne baada ya tufani, Barghash alitoa matangazo mawili ya kukataza misafara ya watumwa kushuka kutoka bara na kupita pwani. Magendo yaliendelea. Waingereza waliiweka manowari HMS London bandarini Zanzibar tangu 1874 iwe kituo cha boti za doria, na boti hizo zilizunguka zaidi Pemba, maana huko ndiko bei ilikokuwa. Desemba 1881 kapteni wake, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipolisimamisha jahazi lililokuwa na watumwa. Karibu miaka kumi baada ya upepo kutulia, bado watu walikuwa tayari kuua na kuuawa kwa ajili ya mikono ya mashamba ya karafuu.

Ukikaa Unguja mjini na kutazama takwimu za karafuu, hiki ni kisa cha jamii iliyopigwa ikainuka. Ukikaa kijijini kando ya Ziwa Nyasa mwaka 1874, ni kisa cha wageni wenye bunduki waliokuja kwa wingi zaidi ya mwaka jana bila wewe kujua kwamba kuna kisiwa, kuna mti, na kuna siku moja ya Aprili upepo ulivuma. Huyo wa Ziwa Nyasa ndiye mwathirika wa tufani anayesahaulika mara zote, na kwa maoni yangu aliumia kuliko mwenye shamba yeyote.

Njia ya Sultani

Barghash mwenyewe alistahimili kwa ustadi. Marikebu za matanga alizorithi hazikujengwa tena kama zilivyokuwa. Mwishoni mwa 1872 meli za moshi za kampuni ya British India zilianza safari za kila mwezi kati ya Aden na Zanzibar, nazo, kwa kuungana na Mfereji wa Suez uliofunguliwa 1869, zikaileta Zanzibar karibu na masoko kuliko wakati wowote. Barghash alilielewa hilo, akanunua meli za moshi zake mwenyewe zikafanya biashara na Bombay na kubeba mchele na abiria. Meli yake Glasgow, iliyowasili 1878, ilikuwa ya fahari zaidi kuliko ya faida. Ndiyo iliyozamishwa na Waingereza bandarini Agosti 1896, na kama ilikuwa na kazi nyingine ya maana sijaiona. Hizo nyingine zilimpatia fedha.

Karafuu ilipopanda bei, ushuru ulipanda nayo. Kwa mapato hayo alileta maji ya mabomba mjini kutoka chemchemi za nje ya mji, akayatoa bure kwa wakazi. Kwa mji uliokuwa umezikwa nusu na kipindupindu, naliona tendo hilo kuwa la maana kuliko jumba la Beit al-Ajaib alilolijenga 1883 na ambalo kila mtalii analipiga picha. Kilichomshinda ni kilekile kilichomshinda 1873: kila alipohitaji msaada, msaada ulikuja na Mwingereza. Alipofariki 1888 milki yake ya bara ilikuwa imegawanywa, na 1890 visiwa vyenyewe vikawa chini ya himaya ya Uingereza.

Deni lililobaki

Mikarafuu ya Pemba iliyopandwa baada ya tufani ilianza kuzaa kwa nguvu mwishoni mwa miaka ya 1870 na kuendelea, na hesabu ya zamani ikajirudia: miti mingi, bei ikashuka. Safari hii Pemba haikuwa tena na mpunga wake wa kutosha. Kisiwa kilichowahi kulisha wengine sasa kilinunua mchele ulioletwa kwa meli, kikilipia kwa zao moja ambalo bei yake ilipangwa mbali. Wenye mashamba wengi waliokopa kupanda walijikuta miaka ya 1890 wakiwa na mikarafuu mizuri na deni lilelile.

Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed, kwa shinikizo la Waingereza, alitoa amri ya kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa. Amri hiyo iliwapa fidia mabwana waliothibitisha hasara. Walioachiwa hawakupewa fidia yoyote. Ilibidi mmoja mmoja aende mahakamani kuomba uhuru wake, aonyeshe ana makazi na njia ya kujikimu, asije akahesabiwa mzururaji. Wengi walibaki kwenye mashamba waliyoyapanda, wakikubaliana na mwenye nayo siku ngapi wamfanyie kazi kwa kubakishiwa kibanda na kipande cha kulima mihogo.